Idara ya Kusifu Walio Hai

Natangaza kwa fahari, kwa niaba ya Hoteli ya Mwamba, Kakamega, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki wa kunipa, kwamba mwaka wa tisini na sita hoteli yetu iliyapita mahoteli yote ya umma katika jambo la kuwaridhisha wafanyakazi. Tulifikia ukamilifu. Walioridhika walikuwa wote. Kwamba hao wote wangetosha kuketi kwenye benchi moja ni habari ndogo, na nitaifikia.

Sifa hiyo ni ya mtu mmoja, Bwana Bramwel, Meneja. Ni vizuri msomaji ajue alianza na nini, maana watu wakubwa hupimwa kwa vile walivyokosa. Hakuwa na mwavuli, katika mji ambao mvua huripoti kila alasiri kama karani anayeogopa bosi. Hakuwa na mke wa kumwambia ukweli. Hakuwa na shamba, wala jembe, wala jirani wa kugombana naye juu ya mpaka. Hakuwa na lugha ya nyumbani, ingawa jina lake lilikuwa la huku huku. Baba yake alikuwa karani wa ubalozi, naye akazaliwa ng'ambo, akalelewa huko na kusomea huko uongozi wa mahoteli. Hakuwa na subira ya kusoma karatasi. Na juu ya hayo yote, hakuwa na kaburi. Maana yangu ni kwamba hakuwahi kusimama kando ya kaburi la mtu wake, akashika udongo mkononi, akamsikia mwenyekiti wa mazishi akiwaomba wasemaji wafupishe. Sehemu hii ya Kenya mtu wa namna hiyo ni kama mpishi ambaye hajawahi kuona moto. Lakini wakati ule tulidhani ni upungufu mdogo, wa kurekebishwa kwa semina.

Mimi ni Nehemiah, Afisa Msaidizi wa Utumishi. Cheo hiki sikukiokota. Nilianza kwa kubeba mizigo ya wageni, jioni nikaingia darasa la ngumbaru na watu wazima wenzangu, nikafanya mtihani wa shule ya msingi mwaka mmoja na kitinda mimba wangu. Yeye alinipita kwa hesabu, mimi nikampita kwa mwandiko. Nina kamusi yangu mwenyewe, niliyoivalisha karatasi ya kaki. Haya siyasemi kwa kujisifu. Sifa, kama itakavyoonekana, ni kitu cha kushika kwa uangalifu.

Meneja aliyemtangulia Bwana Bramwel alikuwa mzee ambaye hakumsemesha mtu ila kuuliza nani amevunja glasi. Chini yake hakuna aliyeacha kazi kwa miaka mingi. Mbinu yake haikuwa na jina la kitaalamu, kwa hiyo haikuhesabiwa.

Bwana Bramwel alipofika alituita wote kwenye ukumbi wa mikutano.

"Mimi si bosi," alisema. "Mimi ni kiongozi. Niiteni Bram."

Tuliinamisha macho kama watu waliotakiwa kuvua nguo hadharani. Mwishowe Ochieng, mhudumu wa meza, akajitolea.

"Karibu sana, Bwana Bram," alisema, na jambo likaishia hapo.

Kisha akatupa sera zake. Ya kwanza ilihusu neno "hapana." Alisema neno hilo huua moyo wa kazi. Tangu siku hiyo kila jibu kwa kiongozi lianze na "ndiyo." Mtu akiwa na wazo tofauti, alitanguliza "ndiyo" kwanza, halafu akatafuta njia. Ya pili ilihusu kupima furaha. Yaliwekwa madebe mawili nyuma ya jikoni, moja la walioridhika na lingine la wasioridhika. Kila mwisho wa wiki kila mtu alitumbukiza kifuniko cha soda katika debe la moyo wake. Ya tatu ndiyo iliyokuwa taji la zote.

"Kule nilikosoma," Bwana Bram alisema, "tulifundishwa kwamba mfanyakazi haondoki kwa sababu ya mshahara. Anaondoka kwa sababu hasifiwi. Nyinyi mmesifiwa lini mara ya mwisho?"

Jescah, mpishi mkuu, akajibu kwa niaba ya wote.

"Ndiyo, Bwana Bram. Sisi bado tuko hai."

Alidhani ni mzaha akacheka. Siku hiyo hiyo akaunda Idara ya Kusifu, nami nikawa Katibu wake. Kila Ijumaa mfanyakazi mmoja angesifiwa mbele ya wenzake na wageni. Kiswahili chake mwenyewe kilikuwa cha vitabuni, kwa hiyo akaniomba nimwandikie maneno mazuri kuliko yote ambayo mtu wa huku anaweza kusema juu ya mtu mwingine. Nilimwandikia. Nimeyasikia kila Jumamosi tangu utotoni, na hakuna maneno mazuri kuyashinda.

Wa kwanza alikuwa Ochieng. Picha yake ilikuzwa, ikatiwa fremu, ikawekwa mapokezi juu ya kitambaa cheupe. Sammy, mtunza bustani, aliagizwa apambe maua kando yake. Sammy anajua kupamba maua kwa namna moja tu, nayo ni ya duara. Umeme ulikuwa umepotea, hivyo tukaongeza mshumaa. Bwana Bram akasimama, akasoma kwa sauti nzito na ya upole.

"Ochieng ni mtu wa watu. Hana ubaya na mtu. Tajiri na maskini, wote aliwahudumia sawa. Ni nguzo ya hoteli hii, na siku asipokuwepo, pengo lake halitazibika kamwe."

Wageni wawili kutoka Kisumu walisimama kwa heshima na kuinamisha vichwa. Ochieng alikuja ofisini kwangu huku jasho likimtoka.

"Mzee Nehemiah, niambie ukweli. Nimefutwa?"

"Umesifiwa."

"Nimesikia. Ndiyo maana nauliza. Mwaka jana wale wa kufulia waliondolewa na Nairobi kwa barua ya kushukuriwa. Walishukuriwa ukurasa mzima."

"Hii ni sera mpya, ndugu yangu. Ni ya kukufurahisha."

"Hebu soma hapo tena. Pengo. Pengo linatoka wapi kama siendi mahali?"

Jumatatu hakuja. Alikuwa ameajiriwa katika mkahawa wa nyama choma karibu na soko, kwa mwanamume anayejulikana mji mzima kwa mdomo wake mchafu. Nilikwenda kumsihi kirasmi.

"Hapa niko salama," Ochieng aliniambia akipangusa meza. "Huyu hunitukana kila asubuhi. Leo ameniita punda mbele ya watu. Mzee, nalala usingizi mzuri sana."

Niliripoti kwa Bwana Bram kwamba idara ilikuwa imepata changamoto ya awali. Alisema dozi haikutosha.

Ijumaa ya pili ilikuwa ya Khalayi wa chumba cha kupiga pasi, mwanamke wa Mautuma, mwenye mikono inayoweza kuunyoosha hata uso wa kiongozi. Picha, kitambaa, maua, mshumaa. Siku hiyo mfanyabiashara wa mahindi wa huko kwao alipita mapokezi kuuliza kama tunanunua. Aliiona picha. Hakuuliza tena habari za mahindi. Alivua kofia, akatoka nyuma nyuma, akapanda gari la Lumakanda kurudi kwao.

Jumamosi asubuhi lori liliingia langoni na kaka zake Khalayi watano, matawi ya miti yamefungwa mbele, na akina mama nyuma wakiomboleza kwa mpangilio mzuri sana. Kaka mkubwa alinishika mkono kwa huzuni.

"Pole, mzee. Tumekuja kuchukua mwili."

"Mwili unapiga pasi," nikamwambia.

Nilimpeleka akamwona. Khalayi aliinua macho kutoka kwenye shuka, akaona kaka zake, akaona matawi, akakaa chini. Kaka mkubwa alimtazama kwa muda mrefu, kwa lawama.

"Ng'ombe tumeshachinja," alisema.

"Mimi ni mzima," Khalayi alisema.

"Hilo tumeliona. Na watu wa Lumakanda walioletewa habari, tuwaambie nini? Mama amelia mpaka sauti imekauka. Wewe umeshaliliwa. Mtu aliyeliliwa hawezi kuendelea kupiga pasi kama vile hakuna kitu. Panda gari twende nyumbani, wazee wasafishe jambo hili."

Alipanda mbele, karibu na dereva, mahali pa heshima. Nilisikia baadaye kwamba karamu ilikuwa nzuri. Wazee walisema akae kwao mpaka mavuno mawili yapite, naye hakurudi.

Moraa wa mapokezi hakungojea zamu yake. Yeye anatoka Kisii, na kwao vilevile, aliniambia, mtu akianza kukusifu mchana kweupe ujue kuna kitu chako anachokitaka. Bwana Bram alipita mezani pake akamwambia kwa upole, "Moraa, wewe ni hazina." Alifunga kitabu cha wageni, akachukua mkoba, akaaga.

Baada yao wakaenda wengine. Na hapa ndipo utaalamu wa madebe ulipoonekana. Kila aliyeondoka aliondoka na kifuniko chake. Debe la wasioridhika lilipungua wiki hadi wiki, mpaka likawa tupu kabisa, Sammy akaomba alitumie kumwagilia waridi. Bwana Bram alinionyesha hesabu kwa furaha.

"Unaona, Nehemiah? Kuridhika kunapanda."

"Ndiyo, Bwana Bram. Kunapanda upesi kuliko tunavyoweza kuajiri."

Katika majuma hayo ulifika waraka kutoka makao makuu ya Shirika letu la Malazi ya Umma, Nairobi. Ilikuwa miaka ya kupunguza watu serikalini, na nyaraka za namna hiyo zilikuja kama mvua ya saa tisa. Uliagiza kila hoteli ipendekeze afisa mmoja wa ngazi ya juu ambaye kazi yake imefikia mwisho wake mwema, ili apumzishwe kwa heshima. Pendekezo liambatane na ushahidi wa wafanyakazi wenyewe. Ngazi ya juu ya Hoteli ya Mwamba ilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa mimi. Sikutaka jambo hilo liyumbishe mawazo yangu, nikaupeleka waraka mara moja kwa Bwana Bram.

"Ni nini hiki?" aliuliza.

"Ndiyo, Bwana Bram, ni waraka. Unahusu maafisa wa ngazi ya juu."

"Mambo ya karatasi ni yako. Mimi nashughulika na watu." Akaurudisha. "Ijumaa hii ni nani?"

"Ndiyo. Ni Jescah."

Lazima nieleze Jescah ni nani. Kama Hoteli ya Mwamba bado ina wageni, ni kwa sababu ya kuku wake. Wakubwa hutoka mpaka Eldoret, wakitoa sababu za kikazi, kuja kula ingokho ya Jescah na ugali wa wimbi. Amesimama mbele ya jiko lile tangu nilipokuwa nabeba masanduku. Desemba ya mwaka ule alikuwa astaafu, na malipo yake ya uzeeni alikwisha kuyapangia kazi: nyumba ya mabati kwa mama yake mzazi, kule Matungu, ambaye kila mvua ikinyesha huhamisha kitanda kutoka kona moja hadi nyingine. Kanuni za Shirika ni wazi. Mtu akifika siku yake, analipwa. Akiacha kazi mwenyewe kabla ya siku hiyo, hata kwa wiki moja, hapati kitu.

Jumatano alikuja ofisini bila kuvua aproni. Hakuketi.

"Mzee Nehemiah, unisaidie nisisifiwe."

"Jescah, hii ni heshima."

"Heshima naijua. Nimezika mume, najua." Alikunja mikono. "Hiyo habari ya Khalayi imefika Matungu. Mama anauliza kila mtu anayetoka town, 'Jescah amewekwa kwa maua?' Moyo wake si mzuri. Akisikia niko kwa maua, hatangoja kuuliza kama napumua. Ataenda mbele yangu."

"Tunaweza kumpelekea habari kwamba ni sherehe tu."

"Wewe ukiambiwa mtoto wako ako na shada la maua na mshumaa, utangoja kuambiwa ni sherehe?" Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka mfukoni. "Hii ni barua ya kuacha kazi. Gentrix mpiga chapa amenichapia. Kama ni Ijumaa, mimi naondoka kesho Alhamisi."

"Na nyumba ya mama?"

"Nyumba bila mama nitaifanyia nini? Nifuge njiwa?"

Nilimwomba anipe mpaka jioni. Mtu aliyesoma haogopi tatizo, hulifungulia faili. Nilichukua kalamu nikaandika hoja zangu: kwamba sifa ziahirishwe, kwamba zisomwe bila maua, kwamba zisomwe kwa siri. Kila hoja, nikiitazama, ilikuwa na "hapana" ndani yake. Nilikwenda kwa Bwana Bram mikono mitupu.

Alikuwa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya dirisha.

"Nehemiah, Jescah atalia machozi ya furaha. Hilo naliona."

"Ndiyo, Bwana Bram, atalia. Tena si yeye peke yake. Nimeona kasoro moja katika ratiba. Kila mtu ana Ijumaa yake isipokuwa mmoja."

"Nani huyo?"

"Kiongozi."

Aliacha dirisha. Akainyoosha tai yake, ambayo haikuwa imepinda.

"Watu wangependa hivyo?"

"Ndiyo. Nikiwaambia leo, watakesha wakijiandaa."

"Isije ikaonekana nimejipendekeza."

"Ndiyo, Bwana Bram. Tutasema umelazimishwa."

"Basi sina haki ya kuwanyima," alisema. "Jescah atangoja Ijumaa ijayo."

Nilipowaita waliobaki jikoni na kuwaeleza, hakuna aliyecheka. Kumsifu mtu ni kazi nzito, na watu wa huku hawaifanyi ovyo. Palepale kamati ya maandalizi ikachaguliwa, yenye mwenyekiti, mweka hazina, na msimamizi wa hema. Gentrix, mpiga chapa wetu, akaulizia historia fupi ya kiongozi.

"Alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo."

"Ameacha nani?"

"Hajamwacha mtu. Hana mke."

"Masikini," Jescah alisema, na kwa mara ya kwanza nilisikia akimhurumia. "Na nani atasema kwa upande wa wakwe?"

Mwuza nyama anayetuletea mbuzi, ambaye alikuwa mlangoni akingoja risiti, alijitolea kuwa wakwe.

Ijumaa ilifika na mambo yote yakawa mahali pake. Picha ya Bwana Bram ilikuwa kubwa kuliko za wote. Maua yalikuwa duara mbili. Akina mama walifunga leso viunoni. Gentrix aligawa ratiba aliyoitoa kwa stensili, yenye picha mbele, tarehe ya kuzaliwa upande wa kushoto, na upande wa kulia nafasi iliyoachwa wazi. Bwana Bram aliketishwa peke yake kwenye kiti kikubwa katikati ya ukumbi, akaambiwa asisimame.

Tulianza kwa wimbo. Kisha nikasoma historia yake. Halafu wakaja wasemaji kwa mpangilio: jikoni, bustani, ofisi, na majirani, ambao walikuwa wamevutwa na hema wakaja bila kuuliza. Wakwe walisema hawakupata nafasi ya kumjua vizuri, lakini nyama alinunua. Jescah alisimama mwisho. Hakuwa na karatasi.

"Bwana Bram alitukuta tukiwa wengi," alisema, "akatuacha wachache. Kila asubuhi alitusalimia kwa mkono. Hakumtukana mtu. Hata kuku ikiungua hakuuliza nani. Alikuja akitaka tufurahi, na kama kulia ni kufurahi, Mungu ni shahidi, tumelia. Vita vilivyo vizuri amevipiga. Mwendo ameumaliza. Sisi tunaomba apumzike."

"Apumzike," ukumbi wote ukaitikia.

Bwana Bram alikuwa anatokwa na machozi. Kisha tukapita mbele yake mmoja mmoja, kwa mstari, polepole, kila mtu akisimama kidogo kumtazama usoni. Akina mama wakubwa walitikisa vichwa. Aliniegemea nilipofika kwake.

"Nehemiah," alininong'oneza, "wananitazama machoni. Kule nilikosoma tulifundishwa kwamba hilo huchukua miaka."

"Ndiyo, Bwana Bram. Huku pia huchukua maisha ya mtu."

Tulitoka nje kupanda mti kwa jina lake. Kila mtu alishika udongo kidogo, akautupa shimoni. Bwana Bram alitazama shimo, kisha akatazama mche, uliokuwa na urefu wa kalamu.

"Sammy, shimo si refu kidogo?"

"Ndiyo," Sammy alisema. "Mimi nachimbanga kipimo hicho tu."

Tulipomaliza kula, maana hakuna sifa bila chakula, Bwana Bram alituita tena ukumbini. Uso wake uling'aa kama sufuria mpya.

"Sijawahi kupendwa hivi," alisema, na nadhani ilikuwa kweli. "Jambo hili lisiishie hapa. Ijumaa ijayo tumfanyie Jescah vilevile, kwa ukubwa huu huu. Hema, wimbo, mti, kila kitu."

Niliona mkono wa Jescah ukiingia mfukoni mwa aproni. Karatasi ilikuwa bado iko mle.

"Na jingine," Bwana Bram aliendelea. "Nataka makao makuu wajue. Nehemiah, andika yote yaliyosemwa leo, neno kwa neno, wafanyakazi watie sahihi, yapelekwe kwa Mkurugenzi Mkuu."

Nilisimama. Ni wajibu wa afisa kumpa kiongozi wake habari zote.

"Ndiyo, Bwana Bram. Na kuna ule waraka wa maafisa wa ngazi ya juu. Ushahidi wa wafanyakazi ukienda Nairobi wakati huu, unaweza kusomwa pamoja nao."

"Vizuri sana. Usomwe na kila kitu."

"Ndiyo. Tena Mkurugenzi Mkuu ni mtu wa Matungu. Jumamosi zake zote yuko nyumbani matangani. Maneno haya anayajua."

"Ndiyo maana nataka ayasome," alisema kwa uvumilivu. "Nehemiah, usianze kunipinga siku kama ya leo."

Baada ya hapo sikuwa na njia nyingine ila kutii.

Gentrix aliweka karatasi katika mashini. Niliyatamka, naye akachapa: kwamba sisi wafanyakazi wa Hoteli ya Mwamba, kwa hiari yetu, tunashuhudia kuwa Bwana Bramwel alikuwa mtu wa watu, hakuwa na ubaya na mtu, na mwendo ameumaliza. Bwana Bram alisimama nyuma yetu.

"Ongeza kwamba hakuna nilichobakisha kufanya hapa."

"Ndiyo," nikasema. Gentrix akachapa.

"Na lile neno la pengo. Lile lako zuri."

"Ndiyo. Halitazibika."

"Na wanaomba nini, mwishoni? Barua nzuri huwa na ombi."

Gentrix alinitazama mimi. Mimi nikamtazama Jescah, aliyesimama mlangoni.

"Tunaomba apumzike," Jescah alisema.

"Kwa heshima," nikaongeza.

"Kwa heshima," Bwana Bram alirudia, akaridhika na mlio wake.

Tulitia sahihi wote. Jescah alitia mwisho. Mwandiko wake ni wa polepole, naye aliukamilisha hadi herufi ya mwisho, kisha akaitoa ile karatasi yake mfukoni, akafungua jiko la makaa la chai ya ofisi, akaitia humo. Bwana Bram aliuliza ni nini kinachoungua.

"Ndiyo," Jescah alisema, akarudi jikoni kwake.

Bwana Bram alitaka kuifunga bahasha mwenyewe. Aliilamba gundi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaibonyeza kwa kiganja, akagonga mhuri wa hoteli juu ya mkunjo. Nikaitia chini ya koti kwa sababu saa tisa ilikuwa imefika na mvua ilikuwa imeshaanza kuripoti.

Karibu na soko nilimkuta Ochieng mlangoni mwa ule mkahawa, kitambaa begani. Ndani mwajiri wake alikuwa anamwita mvivu.

"Mzee, mbona umevaa nguo za Jumamosi leo Ijumaa? Nani amesifiwa?"

"Meneja."

"Sifa zote?"

"Mpaka pengo."

Ochieng alivua kofia. Akaweka kitambaa juu ya kiti, akaninyooshea mwavuli wa mkahawa, tukatembea pamoja hadi posta, kwa mwendo ule unaofaa. Karani wa posta aliipima bahasha mkononi, akauliza kama iende kwa rejista.

"Ndiyo," nikamwambia.

Akagonga mhuri, akaitupa ndani ya gunia la Nairobi.